Ratiba ya Wiki Iliyopita

Mwezi uliopita nilikwenda Kericho mjini kununua mbolea, nikakuta bango kubwa limebandikwa ukutani karibu na stendi. Stesheni mpya za dijitali, za bure, na chini yake ratiba ya vipindi vya wiki nzima, saa kwa saa. Vijana walikuwa wamelizunguka, wanasoma na kubishana. Mimi nilisoma mistari mitatu tu, nikageuka nikarudi nyumbani bila mbolea. Mtu mzima na mvi zangu, kukimbia karatasi! Wanangu wananiona mkorofi, kwa sababu hata ile ratiba inayotokea kwenye king'amuzi chao huwa nawaambia waiondoe. Basi wacha niseme, niwe nimesema.

Nimewahi kuandika ratiba kama ile, kwa mkono wangu. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Stesheni mpya ya televisheni ilikuwa imesimamisha mnara juu ya kilima, na kwa mara ya kwanza watu wa Kapkatet na Roret na vijiji vyote vya majani chai vilivyo katikati wangeweza kupata picha nyingine mbali na ile moja tuliyoizoea. Hulipi kitu. Unafunga antena kwenye mti mrefu, unamtuma mtu aizungushe huku wewe ukipiga kelele dirishani, "Hapo! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua ni nini kitaonyeshwa saa ngapi. Magazeti yalitufikia kwa kuchelewa, na wengi hawakuyanunua. Ndipo stesheni ikaomba maduka ya televisheni yasaidie kutangaza vipindi.

Mimi nilikuwa karani katika duka moja la namna hiyo pale Kapkatet. Tuliuza televisheni na redio, na nyuma tulichaji betri za gari. Baba yangu alikuwa ametoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi katika kiwanda cha chai, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, tulizoziita laini, kwa hiyo Kikipsigis nilikijua kuliko hata lugha ya babu zangu. Tena nilikuwa na mwandiko. Bosi aliponiajiri hakuniuliza cheti, alinipa kalamu, akasema, "Andika jina la duka hapa." Nikaandika, akatabasamu, kazi nikapata.

Kila Alhamisi basi la Nairobi lilileta bahasha kutoka stesheni. Ndani kulikuwa na ratiba ya wiki, imepigwa chapa kwa Kiingereza. Mimi niliigeuza Kiswahili, nikaiandika kwenye karatasi kubwa za manila kwa kalamu za rangi: nyekundu kwa habari, kijani kwa mpira, buluu kwa mambo ya dini na shule. Kisha nilizunguka nikizibandika. Nyingine kwenye mlango wa posho mill ya kusagia mahindi, nyingine makanisani, nyingine nje ya lango la hospitali. Lakini mahali penyewe hasa palikuwa vituo vya kununulia majani. Hapo mkulima akishapimiwa majani yake hukaa kungoja lori la kiwanda lije lipakie, maana asipokuwepo hana uhakika gunia lake limekwenda salama. Watu hungoja saa mbili, saa tatu. Hawana la kufanya ila kuongea. Nikifika na karatasi yangu walikuwa wanasema, "Mwalimu wa tivi amekuja! Tusomee!" Nilisimama juu ya jiwe nikawasomea yote tangu Jumamosi hadi Ijumaa, nikiongeza chumvi palipohitaji chumvi. Nilijiona mtu. Haki ya Mungu, nilijiona mtu.

Na hili lazima nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Vijiji vile havikuwa na stima. Televisheni zilitumia betri ya gari, na betri ikishajazwa dukani kwetu ilifungwa nyuma ya baiskeli ikarudishwa kijijini, na ilitosha saa chache tu. Kwa hiyo watu hawakuwasha televisheni ovyo. Walikaa chini na ratiba yangu, wakachagua: tutaona hiki na hiki, vingine tuviache. Vikishachaguliwa, hata mgeni aje, hata mtoto alie, televisheni haiwashwi kabla ya saa yake. Wengine walinakili ratiba kwenye daftari wakapiga alama. Mzee mmoja wa Roret aliniambia, "Wewe ndiye unatupangia betri." Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa bonde lililo chini ya njia ya Roret. Alikuwa na chai yake kidogo na ng'ombe wawili, mume alishafariki, na binti mmoja tu, darasa la saba. Yule binti alikuwa mwimbaji. Shule yake ilikwenda kwenye mashindano ya kwaya, na stesheni ile mpya ikaja na kamera ikawapiga picha wakiimba, ili iwaonyeshe baadaye katika kipindi chake cha kwaya za shule. Wiki tatu hazikuisha, malaria ikaingia bondeni baada ya mvua za masika. Ile malaria ya kwetu huku juu ikija haichezi. Ilimchukua mtoto kwa siku nne.

Baada ya matanga mama alinijia kwenye kituo cha majani, kikapu bado mgongoni. Alinisalimia, "Chamgei," nami nikamjibu, nikampa pole. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Ile tivi ilipiga picha ya watoto wakiimba. Itaonyesha lini?"

Nikamwambia bado haijatangazwa.

"Mimi sina picha yake hata moja," akasema. "Ile ya ubatizo ililowa ikaharibika. Sasa usiku nikifunga macho natafuta uso yake, naanza kupata ya dada yangu. Nataka kuona yeye akiimba. Mara moja tu, halafu nitanyamaza."

Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, siku nitakayoona hicho kipindi kwenye karatasi, nitakuja mwenyewe kukwambia." Tangu hapo kila wiki alikuwa wa kwanza kufika chini ya lile jiwe. Aliniangalia mdomo tu hadi nimalize kusoma, nikitikisa kichwa anachukua kikapu chake anaondoka. Watu wakajua, na kila nilipofika kwenye mstari wa kwaya kituo kizima kilimgeukia.

Halafu siku moja bahasha ikaleta habari. Kwaya za Shule, Jumapili saa kumi jioni kama kawaida, na chini yake maneno madogo: wiki ijayo, shule za kutoka kwetu. Nilipiga kelele dukani. Jioni ile ile nilishuka bondeni hadi kwake. Mama alikuwa anakamua. Aliposikia aliacha kukamua, akaegemea ubavu wa ng'ombe, akasema tu, "Jumapili ile nyingine." Kisha akanipa maziwa nirudi nayo.

Jirani yake, mwalimu aliyestaafu, alikuwa na televisheni. Aliahidi nyumba yake, betri yake, na viti vya kanisa. Ijumaa ya wiki yenyewe alileta betri dukani ijazwe hadi pomoni, akaniambia wamekubaliana kijiji kizima kwamba haitawashwa hata kwa habari, na wenye televisheni wengine wawili wa bonde lile wataweka betri zao pembeni, ili ya kwanza ikizima ziko za akiba. Watu wale walikuwa wamejipanga vizuri kuliko serikali.

Lakini Alhamisi ile bahasha haikuja. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope likafunga barabara, basi likageuza. Ijumaa nilingoja hadi jioni, kimya. Bosi akanikuta nimekaa, akasema, "Unangoja nini? Chukua ya wiki iliyopita, badilisha tarehe. Vipindi ni vile vile." Na hakuwa anabuni. Tulikuwa tumefanya hivyo mara tatu kabla, na hakuna aliyelalamika. Ukikosa ratiba unanakili ya zamani, karatasi inakwenda, watu wanafurahi. Ndivyo tulivyofanya kazi.

Simu ya posta ilikuwa ng'ambo ya barabara. Najua ilikuwepo. Nilisimama mlangoni nikaiona, nikaona foleni iliyokuwa hapo na mvua iliyokuwa inanyesha, nikasema moyoni, ah, Jumapili ni Jumapili, walishasema wenyewe. Nikarudi ndani nikakaa, nikaandika kwa buluu: Kwaya za Shule, Jumapili, saa kumi jioni. Nikaichorea ua pembeni. Ua! Hadi leo nikikumbuka lile ua nataka kujipiga kofi.

Jumamosi duka lilifungwa, bosi alikuwa Msabato. Mimi Sabato haikunihusu, nikachukua karatasi zangu nikazunguka. Nilifika kituo cha mama yule jioni, kama saa kumi na moja hivi. Majani yalikuwa mengi baada ya mvua, lori lilikuwa bado, watu wamejaa. Nilipanda juu ya jiwe nikasoma. Nilipofika kwenye mstari wa buluu niliusoma pole pole, mara mbili. Kisha nikashuka nikamshika mama kidole, nikakiweka juu ya yale maneno, kwa sababu alikuwa hajui kusoma, nikamwambia, "Hapa ndipo alipo. Kesho saa kumi." Akakiacha kidole pale. Wanawake wengine wakaanza kumpangusa machozi na kumtania kwamba kesho avae kitambaa kizuri, mtoto asije akamwonea aibu. Alicheka. Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Kutoka hapo nilikwenda kulala kwa baba kule laini. Tulikuwa tunakula, ugali na samaki mkavu, baba akasema kwa mdomo uliojaa, "Nyara, binti yangu, leo pale holini wametuonyesha watoto wa huku kwenu wakiimba. Kwaya. Walipiga makofi watu."

Kule laini holi ya wafanyakazi ilikuwa na stima, na televisheni yake ilikuwa wazi mchana kutwa. Nikamuuliza, "Leo? Leo Jumamosi? Saa ngapi?"

"Kama saa kumi na moja. Mpira ndio umewekwa kesho, wakasema."

Sikumaliza chakula. Baba aliniuliza kama ninaumwa, nikamjibu ndiyo. Nilihesabu kichwani na hesabu ilikuwa rahisi kabisa: saa ile ile mtoto alipokuwa anaimba kwenye kioo, mimi nilikuwa nimemshikilia mama yake kidole juu ya uongo. Na kama nisingewahi kuwaandikia ratiba yoyote, mtu mmoja bondeni angekuwa amewasha televisheni yake Jumamosi jioni, kama watu wanavyowasha, akaona, akatoka mbio kumwita. Televisheni tatu zilikuwepo. Zote zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya karatasi zangu.

Asubuhi ningeweza kwenda mapema nikasema. Nilikuwa na muda wote tangu kanisa hadi saa kumi. Sikwenda. Niseme ukweli, niliogopa, na nikajidanganya kwamba huenda watarudia, kwani stesheni hurudia vipindi, Mungu si Athumani. Nilifika kwa mwalimu saa tisa na nusu. Nyumba ilikuwa imejaa, waliokosa nafasi walikuwa dirishani. Mama alikuwa mbele katikati, kitambaa cheupe kichwani, mikono imefungwa mapajani. Nilipewa kiti karibu naye, kiti cha heshima, mimi!

Saa kumi mwalimu akawasha. Mpira. Mtu akasema, utaisha sasa hivi. Watu wakangoja, wakiniangalia mara moja moja, nami nikiangalia kioo. Kipindi cha kwanza kikaisha, wakaja watu wa kuongea, kipindi cha pili kikaanza. Hakuna aliyeshangilia bao. Mwalimu akabadilisha betri kabla hata ya kwanza kuisha, kwa woga tu. Mpira ukaisha zikaja katuni, zikaja habari za kilimo. Betri ya tatu ilipoanza kulegea picha ikajikunja pande zote, ikawa ndogo, ikawa kitone. Mwalimu akazima.

Mama akanigeukia. "Basi ni Jumapili ijayo?"

Nikajibu, "Labda, mama."

Hiyo "labda" ndiyo dhambi yangu. Kunakili karatasi lilikuwa kosa, uvivu, kazi mbaya, liite utakavyo. Lakini ile "labda" niliitamka nikijua.

Jumatatu bahasha ikafika, imelowa pembeni. Ndani iliandikwa wazi: kwa ajili ya mpira, Kwaya za Shule Jumamosi saa kumi na moja jioni. Siku hiyo foleni ya simu haikunishinda. Nilipiga stesheni, nikapitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu, hadi nikampata msichana mmoja mpole aliyeniomba nisikate, akaenda kuuliza. Aliporudi akasema wanasikitika, tepu ni chache, kipindi kikishaonyeshwa tepu hiyo hiyo hurekodiwa kitu kingine. Ile ya kwaya ilikuwa imesharekodiwa mpira. Nikamwambia asante. Nilimwambia asante, kama aliyenipa kitu.

Nilimwambia mama siku ya pili, kwenye shamba lake, akichuma. Nilimwambia yote, hata ile labda. Aliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka nikadhani hakunisikia. Ningefurahi anitukane. Ningefurahi anitupie kikapu. Alipofika mwisho wa mstari wa chai akauliza jambo moja.

"Nani aliona?"

Nikamwambia baba yangu alikuwepo holini.

"Mlete," akasema. "Aniambie tu vile alikuwa."

Jumapili iliyofuata nikaenda na baba. Njiani alikuwa mzito, nami nilidhani ni aibu kwa ajili yangu. Tulikaribishwa vizuri. Mama alikuwa amefagia, ametuwekea viti viwili, akammiminia baba kikombe cha mursik kutoka kwenye kibuyu. Baba, ambaye tangu aje huku hakuwahi kuyazoea maziwa yale ya mgando yaliyotiwa mkaa, alipokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo.

Mama akakaa mbele yake kwenye kigoda. "Yeye alisimama mbele," akaanza kumsaidia, "kwa sababu alikuwa mfupi. Ana kovu hapa kwa kidevu. Akiimba anafunga jicho moja, mwalimu alikuwa anamkataza. Alifunga?"

Baba akaangalia kikombe. Nikamwangalia baba, moyoni nikimwomba, sema ndiyo, sema alifunga, itakugharimu nini? Lakini baba yangu alikuwa mtu wa namna moja tu maisha yake yote.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilikuwa nacheza drafti. Tivi ilikuwa nyuma yangu. Nilisikia watoto wanaimba, nikasikia wakisema ni wa huku. Sikugeuka."

Kuku waliingia hadi katikati ya nyumba, hakuna aliyewafukuza. Mama alimtazama baba kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa jambo alilosomewa kwa lugha ngeni.

"Ulikuwa ndani ya nyumba moja na yeye," akasema, "na ukampa mgongo."

"Ndiyo, mama."

Akainuka akachukua kibuyu, akamjazia tena kikombe hadi juu. "Kunywa maziwa, baba. Njia yenu ni mbali."

Baba akanywa. Alimeza yote, mpaka mwisho, machozi yanamtoka yanaingia kwenye kikombe, na muda wote huo mama alisimama karibu naye ameshika kibuyu, na hakuna kati yao aliyenitazama.